Muyaka bin Haji, Mshairi wa Mombasa

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Lakini ukifungua kitabu cha mashairi ya zamani, huenda ukakwama katika mstari wa kwanza. Usione haya. Hata wasomi hukwama. Soma habari za Muyaka bin Haji, nawe utaona sababu.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Alikuwa mfanyabiashara na mshairi. Siku zile Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui. Seyyid Said, mtawala wa Omani, aliutaka mji huo. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui. Alitunga mashairi ya kuwatia watu wake moyo na ya kuwakejeli maadui. Alitunga pia juu ya mapenzi na shida za maisha. Mwaka 1837 Mazrui walishindwa. Muyaka alifariki mwaka 1840.

Muyaka alitunga kwa Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa. Hapo ndipo penye kazi. Mahali pengi ambapo sisi tunasema CH, Kimvita husema T. Macho ni mato. Kichwa ni kitwa. Mchele ni mtele. Nayo njia ni ndia. Sasa litazame neno kuteka. Wewe utafikiri mtu anateka maji kisimani, kumbe anacheka! Na kuoa je? Katika mashairi ya kale, kuoa ni kufunga ndoa, lakini pia ni kutazama. Ukikosea neno hilo, utamwoza mtu aliyekuwa anatazama tu. Kwa hiyo ukikuta neno gumu, usiliruke. Liandike katika daftari, kisha muulize mzee aliyekulia pwani.

Muyaka alipofariki, mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu. Wazee walikufa mmoja mmoja. Kila mzee aliyezikwa alikwenda na maneno yake. Zaidi ya miaka 40 ikapita. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alipoyakusanya mashairi hayo, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyanakili kwa herufi hizi unazosoma. Mwalimu Sikujua alimweleza maana za maneno magumu, naye Taylor akaziandika.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kazi hiyo ingechelewa kidogo tu, tungekosa mengi. Mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha Muyaka, mashairi yake yalitolewa kitabu.