Dk. Warthin na ukoo wa fundi cherehani

Huenda hapa Buzuruga unaufahamu ukoo ambao watu wake hufariki kwa maradhi ya tumbo wakiwa bado vijana. Msibani watu hunong'ona habari za sumu, mkosi au kulogwa. Leo nakusimulia maisha ya daktari aliyeshika njia nyingine: aliuliza na akaandika.

Aldred Scott Warthin alizaliwa mwaka 1866 jimboni Indiana, Marekani. Alisomea kwanza muziki, kisha akageukia udaktari na kuhitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1891. Alibaki hapo hapo hadi akawa profesa wa patholojia, yaani fani ya kuchunguza nyama iliyotolewa kwa mgonjwa ili ugonjwa ujulikane.

Mwaka 1895 fundi cherehani mmoja mwenye huzuni alimweleza hofu yake. Ndugu zake wengi walikuwa wamekufa kwa saratani za tumbo, utumbo na mfuko wa uzazi, naye aliamini zamu yake inakuja. Warthin hakumpuuza. Alianza kuorodhesha jamaa zake: nani aliugua, saratani ya wapi, akiwa na umri gani. Mwaka 1913 aliichapisha habari ya ukoo huo. Fundi mwenyewe alikuja kufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi, kama alivyohofia.

Warthin alifariki mwaka 1931 bila kukijua chanzo. Daktari mwingine Mmarekani, Henry Lynch, aliiendeleza kazi ile, na miaka ya 1990 wanasayansi wakazigundua jeni zinazohusika. Kazi ya jeni hizo ni kusahihisha makosa seli zinapojigawa. Mzazi akiwa na jeni yenye hitilafu, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Hali hiyo leo huitwa sindromu ya Lynch.

Usiogope bure: saratani nyingi za utumbo mpana hazirithiwi. Lakini kama ndugu wa damu wawili au zaidi wameugua saratani hizi, au mmoja ameugua kabla ya miaka 50, mweleze daktari hata kama huumwi. Aliyerithi hitilafu hiyo hupimwa utumbo kwa kamera kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na vinyama vikionekana huondolewa kabla havijageuka saratani. Na ukiona damu kwenye choo, usiiite bawasiri kabla hujapimwa.

Fundi yule alikuwa na habari zote kichwani, akampata wa kumsikiliza. Nawe chukua daftari, kaa na bibi au shangazi, uliza nani alifariki, kwa ugonjwa gani, akiwa na miaka mingapi. Kisha lilete daftari hilo kliniki. Siku hiyo mtoto wako atakuwa amepata kinga ambayo fundi yule hakuipata.