Bwana wa Wembe na Kichwa Kilichopinda

Huyu ninayemleta mbele yenu leo, wasomaji wapenzi, ni mtu ambaye wengi wamemwona uso bila ya kumjua jina. Ni yule bwana wa masharubu ambaye kwa miaka mingi picha yake ilichapwa juu ya karatasi za nyembe. Jina lake ni King Camp Gillette. Nimeazimia kumweleza kwa sababu nilipokuwa Tawa, katika milima ya Mbooni, Makueni, niliona kazi ya mkono ambayo yatosha kuwa mizani ya maisha yake. Kazi hiyo nitaifikia. Kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1855 huko Fond du Lac, Wisconsin, nchini Marekani, akakulia Chicago. Moto mkubwa ulioteketeza mji huo mwaka 1871 uliila pia biashara ya baba yake, na kijana akiwa na umri wa miaka 16 akatoka kujitafutia riziki. Akawa mchuuzi wa kusafiri, leo mji huu, kesho ule. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya William Painter, yule aliyebuni kifuniko cha bati cha chupa ya soda. Painter alimpa shauri moja: abuni kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa, kisha hurudi dukani kukinunua tena. Shauri hilo likamkaa kichwani.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa fedha tu. Mwaka 1894 alitoa kitabu, The Human Drift, akilaumu mashindano ya biashara kuwa ndiyo shina la ufukara na uovu. Alitaka viwanda vyote viwe chini ya shirika moja la umma, na Wamarekani wakae katika jiji moja kubwa litakalopata umeme kutoka maporomoko ya Niagara. Watu walikisoma, wakakiweka kando.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja akinyoa ndevu, aliona wembe wake umekuwa butu hata ngozi ya kunolea haiufai tena. Mashine za kunyolea zenye kinga zilikuwako kabla yake; za ndugu wa Kampfe wa New York zilijulikana tangu mwaka 1880. Ila wembe wake ulikuwa mnene, wa kufuliwa, na ulihitaji kunolewa kila mara. Gillette alifikiri wembe mwembamba kama karatasi, wenye makali pande mbili, ukiisha utupwe. Wajuzi wa chuma walimwambia haiwezekani. Alihangaika miaka sita hadi fundi William Nickerson alipogundua njia ya kuupa chuma chembamba ugumu na makali. Kampuni ikaundwa mwaka 1901.

Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Hesabu hiyo haitoshi hata harusi moja ya Lamu. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilikaribia 91,000, na hati ya kulinda ubunifu wake ikatolewa Novemba 1904. Vita Kuu ya Kwanza ilipoiingia Marekani, serikali iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe milioni 36 kwa askari wake. Vijana wakarudi makwao na desturi ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Sasa tuitazame mashine hiyo, maana siri yote imo humo. Ina vipande vitatu: mpini, bamba lenye meno kama kitana, na kifuniko kinachoukunja wembe kidogo ukae imara. Zile za kale zilikuwa za shaba ya manjano iliyopakwa fedha au nikeli. Shaba hiyo haiozi, lakini ikianguka sakafuni kona ya kifuniko hupinda, ama jino huingia ndani. Hapo wembe hukaa mshazari. Upande mmoja haunyoi, wa pili hukwaruza na kuchana shavu. Kampuni yenyewe ililijua hilo. Mwaka 1930 ilitoa mashine mpya na wembe uliokatwa pembe, ili kona ya kifuniko ikipinda isiuguse wembe. Mwenye mashine ya zamani alionyeshwa njia ya dukani.

Tawa wana njia nyingine. Nilimkuta fundi mmoja sokoni, kando ya wauza maembe, ana mteja wake, mzee aliyemwita kwa heshima kama baba yake. Mzee alieleza kuwa mashine ile aliirithi kwa babake aliyerudi nayo kutoka Burma, vitani. Fundi hakushika nyundo. Alikiweka kifuniko juu ya kipande cha kioo, akatazama mwanga unapita wapi. Akakibana kati ya vibao viwili vya mti laini, akakandamiza polepole, akakirudisha kiooni, akatazama tena. Meno aliyanyoosha moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Nilipomuuliza mbona hakitii moto akamaliza upesi, alinijibu kwamba moto huilainisha shaba lakini huharibu rangi yake, na kwamba shaba ikipindwa mara nyingi huku na huku hukakamaa ikapasuka. Mwisho alitia wembe, akapima makali yanavyochungulia kushoto na kulia hadi yakawa sawa.

Sikustaajabu. Wakamba ni mafundi wa shaba tangu zamani. Misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa kwetu, ikapanda na waya wa shaba, na mikono yao ikausuka mikufu myembamba iliyosifika. Kilichonishughulisha ni Gillette mwenyewe. Faida yake yote ilikuwa katika wembe wa kutupwa, na nyembe hizo zimekwenda jaani kwa mamilioni. Mpini na kichwa, ambavyo kwake vilikuwa chambo tu cha kumrudisha mteja dukani, ndivyo vilivyorithiwa na mtoto kwa baba.

Mwenyewe hakufika mbali na utajiri wake. Mwaka 1910 alimwahidi Theodore Roosevelt dola milioni moja aliongoze lile shirika la ndoto yake, Roosevelt akakataa. Katika kampuni alivutana na John Joyce, mwenye mtaji wa Boston, hata akauza sehemu kubwa ya hisa. Hujafa hujaumbika: mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukapukutisha hisa na mashamba yake, naye akafa California Julai 1932, mwenye miaka 77, mali yake nyingi imekwisha.

Alitamani ulimwengu ambao watu hawatanyang'anyana riziki, akaishi kwa kuuza kitu cha kutupwa. Mimi simhukumu. Nasema tu kwamba kama angeketi sokoni Tawa saa moja, angeona shilingi chache zikitoka mkono wa mzee kwenda wa kijana, hakuna kilichotupwa, na mzee akienda zake amebeba mashine iliyofaa kuachiwa mjukuu.