Jemadari von Lettow na Wapagazi Wake

Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu. Tusiwasahau waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, iliyopiganwa hata hapa chini ya Kilimanjaro. Jemadari wa Wajerumani alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870. Kabla ya kuja kwetu alipigana katika nchi iitwayo leo Namibia, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama. Vita ilipoanza, Gavana Schnee hakutaka nchi hii iingie vitani, yeye aliikazania. Nia yake ilikuwa kuwavuta huku askari wengi wa Waingereza, wasipelekwe Ulaya.

Novemba 1914 aliwashusha askari wake Tanga kwa reli ya Moshi. Watu kama 1,000 wakawashinda 8,000 waliotoka Bara Hindi. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts likaingia Moshi, naye akarudi nyuma, akapigana hadi Ruvuma na Msumbiji. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala, Zambia, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya.

Hata adui zake walimheshimu. Nasi walimu tulisomesha ushindi wa Tanga mwaka baada ya mwaka, tusiulize ni nani aliyebeba risasi na unga.

Walibeba wapagazi. Majeshi yote mawili yaliwachukua watu vijijini kwa nguvu. Upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo limetokana nao. Wa von Lettow, wengi hawakuandikwa hata majina. Nafaka ilitwaliwa ghalani, na Ugogo ikapatwa na njaa kubwa. Walimu wa misheni za Kianglikana walifungwa kwa kushukiwa upelelezi.

Mwaka 1920 aliondolewa jeshini kwa kuunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani. Alifariki Hamburg mwaka 1964. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee mishahara waliyokuwa wakidai.

Ujuzi wake wa vita hatuukatai. Lakini sifa yake ilibebwa vichwani mwa watu wasiojua wanapigania nini. Basi tupitapo kwenye makaburi ya vita hapa Moshi, tuwakumbuke na wale waliozikwa njiani bila alama.