Laplume, muzungu aliyefuga tembo wa Uele

Kwa miaka mingi Wazungu walisema tembo wa Afrika hafugiki. Tembo wa Asia ndiyo, huyu wetu hapana. Jules Laplume, ofisa wa jeshi kutoka Ubelgiji, ndiye anayekumbukwa kwa kuonyesha kwamba maneno hayo hayakuwa kweli. Hakuwa mtu wa sayansi. Alikuwa askari aliyepewa amri.

Amri ilitoka kwa mfalme Leopold wa Pili, aliyeishika Kongo kama shamba lake. Mizigo ya wakati ule ilibebwa juu ya vichwa vya watu, tena kwa nguvu, na wapagazi walikufa wengi. Leopold alitaka nyama mkubwa wa kubeba. Mwaka 1879 alikuwa amekwisha kujaribu: tembo wanne kutoka India walishushwa karibu na Dar es Salaam, wakapelekwa kwa miguu kuelekea ziwa Tanganyika. Mmoja tu ndiye alifika Karema.

Karne ya 20 ikikaribia, Laplume akatumwa Uele kukamata tembo wa hukuhuku. Kituo cha kwanza kilikuwa Kira-Vunga, kisha Api, upande wa Bas-Uélé. Kukamata wakubwa kulishindikana. Basi wakageukia watoto. Wanaume wa Kizande walifuata kundi, wakapiga bunduki hewani ili litawanyike, wakamrukia mtoto na kumfunga kamba za miguu. Mama akikataa kumwacha mtoto wake, mara nyingine alipigwa risasi. Jina lililobaki kwenye vitabu ni la Laplume, lakini walioshika kamba, wakalala karibu na yule mtoto mpaka akazoea harufu ya mtu, ni Wazande. Wafugaji wa tembo kutoka Asia nao waliletwa kufundisha kazi.

Ikawezekana kweli. Tembo wa Api walivuta magari ya mizigo na majembe ya kulimia. Vita ya 1914 ilimkuta Laplume Ulaya, akatekwa na Wajerumani. Baada ya vita akarudi kwa tembo wake. Miaka ya 1920 kituo kingine kikajengwa Gangala-na-Bodio, kando ya mto Dungu, ambako kazi iliendelea na makomanda wengine.

Sasa, je, Laplume alimbadilisha tembo? Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kumzoeza nyama ni kitu kimoja; kumfanya wa nyumbani ni kitu kingine. Tembo wa Api alijifunza kutii, lakini ndani ya mwili alibaki tembo wa pori, na aliyemfuata naye alikamatwa porini, kazi ikaanza upya.

Nyama wa nyumbani amebadilika tangu tumbo la mama. Chukua dende, anayekimbia chini ya vitanda vya jikoni hapa Kivu. Ndugu zake wa pori wako Amerika ya Kusini. Wakitishwa wote wawili, mwili wa dende hutoa homoni za woga kidogo kuliko wa ndugu yake. Sehemu kubwa ya siri hiyo haiko katika kuwa na jeni mpya kabisa. Jeni karibu ni zilezile, ila baadhi hufanya kazi kwa nguvu zaidi na nyingine zinatulizwa, hasa kwenye ubongo na tezi zinazoongoza woga. Ni kama nyumba mbili zenye nyaya sawa, taa zinazowaka si zilezile.

Mabadiliko hayo huja kwa kuchagua wapole na kuwazalisha wao kwa wao. Huko Siberia, kuanzia 1959, Dmitri Belyaev alifanya hivyo na mbweha, na chini ya vizazi kumi wengine walitikisa mkia wakimwona mtu. Kwa mbweha vizazi kumi ni kama miaka kumi. Tembo anabeba mimba karibu miezi 22, na mtoto wake wa kwanza humpata akiwa na zaidi ya miaka kumi. Vizazi kumi vya tembo vinazidi karne. Laplume asingeweza, hata kama angejua.

Mwaka 1938, eneo la Garamba, jirani na Gangala-na-Bodio, likafanywa mbuga ya taifa. Tembo wa kituo waliendelea kufanya kazi pale, na wale wa pori wakapita ng'ambo ya mto, damu ileile.