Maisha ya Mwalimu Franz Gruber, Mtunzi wa Wimbo wa Noeli

Kila Noeli, katika makanisa yetu ya Mbulu na Hanang, huimbwa wimbo ule wa usiku mtakatifu, wazee kwa watoto wa shule. Lakini ni wachache wamjuao aliyeutungia sauti. Yatupasa tumsimulie katika kitabu hiki cha jubilei, maana alikuwa mwalimu wa kijiji, kama walivyo waalimu wetu.

Franz Xaver Gruber alizaliwa tarehe 25 Novemba 1787 huko Hochburg, nchi ya Austria. Wazazi wake walikuwa maskini, wafumaji wa kitani, na baba alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini mwalimu wa shule yao, Andreas Peterlechner, alimfundisha kinanda kwa siri. Husimuliwa kwamba mwalimu huyo aliugua, na kijana, mwenye umri wa miaka 12, akapiga kinanda katika Misa badala yake. Hapo moyo wa baba ukalainika, akamnunulia kinanda kidogo.

Mwaka 1807 Gruber akawa mwalimu wa Arnsdorf, na tangu 1816 alipiga kinanda pia katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Oberndorf, karibu na hapo. Padre msaidizi wa kanisa hilo, Joseph Mohr, alikuwa mwana wa mama maskini mfuma soksi, naye alisomeshwa kwa hisani ya padre mwongoza kwaya. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpa Gruber shairi alilolitunga 1816, akamwomba alitungie sauti kwa waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Sauti ikapatikana siku ile ile, na usiku wakaimba wote wawili, Padre akipiga gitaa.

Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliuchukua wimbo hata Tirol, na jamaa za waimbaji wa huko wakaueneza Ulaya na Marekani. Jina la mwalimu halikufuatana nao. Wengine walidhani ni kazi ya Haydn. Mwaka 1854 kanisa la mfalme huko Berlin lilipouliza habari zake, Gruber aliandika mambo yalivyokuwa, wala hakumsahau rafiki yake Mohr, aliyekufa maskini mwaka 1848.

Nyumbani alionja misiba mingi. Wake wawili walifariki mbele yake, na katika watoto 12 walikua wanne tu. Hata hivyo hakuuacha muziki wa kanisa. Tangu 1835 aliongoza kwaya ya Hallein, akafa huko tarehe 7 Juni 1863.

Basi tuangalie: pasipo baba aliyekubali, mwalimu aliyefundisha na padre aliyeomba, wimbo huu tusingekuwa nao. Jimbo letu, lililokuwa Prefektura mwaka 1943 na Jimbo mwaka 1953, lilijengwa pia na wazazi, waalimu na makatekista ambao majina yao hayakuandikwa. Tuwaulize wazee wangali hai, tuyaandike majina hayo katika kila parokia, na usiku wa Noeli tuwaombee kwa shukrani.