Ettore Bugatti: Fundi ambaye kizuri chake hakikujiuza

NOVEMBA mwaka 1987, ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, uliozoea kupokea wanamuziki na waimbaji, ulipokea mgeni wa aina nyingine. Lilikuwa gari, refu kupita mita sita, lililotengenezwa zaidi ya nusu karne nyuma. Mnada ulipokwisha, gari hilo lilikuwa limeuzwa kwa pauni milioni 5.5 za Uingereza, bei ambayo hadi siku ile hakuna gari lililowahi kuifikia katika mnada wowote duniani.

Kilichowashangaza waliojua historia yake hakikuwa bei peke yake. Gari lile lile liliwahi kuletwa katika jiji lile lile mwaka 1932, likawekwa mbele ya matajiri katika maonesho ya magari ya Olympia. Watu walilitazama, wakalistaajabia, wakaondoka. Hakutokea mnunuzi. Aliyelitengeneza alilirudisha nyumbani, na alifariki dunia miaka 40 kabla ya dalali wa London kulitangazia bei.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Ettore Bugatti ni ya fundi aliyeiamini kanuni hiyo kwa moyo wote, nayo ikamwangusha.

Alizaliwa Milan, nchini Italia, Septemba 15, 1881, katika nyumba iliyojaa sanaa. Baba yake, Carlo Bugatti, alikuwa mbunifu mashuhuri wa samani. Shangazi yake alikuwa mwenzi wa maisha wa mchoraji Giovanni Segantini. Mdogo wake, Rembrandt, alikuja kuwa mchongaji hodari wa sanamu za wanyama. Ettore naye alianza na sanaa, lakini alipoona kipaji cha mdogo wake kimemzidi, aligeukia mashine. Pengine ndiyo sababu katika maisha yake yote aliitazama injini kwa jicho la mchongaji: hakuridhika iwe na nguvu tu, alitaka iwe na sura.

Akiwa bado kijana alijifunza kazi katika kiwanda cha Prinetti na Stucchi mjini Milan. Mwaka 1901 gari alilolibuni mwenyewe lilioneshwa katika mji huo likapata tuzo. Mwaka uliofuata kampuni ya De Dietrich, iliyokuwa na kiwanda katika jimbo la Alsace, ilimwita kuwatengenezea magari. Kwa kuwa alikuwa hajatimiza miaka 21, mkataba ulitiwa saini na baba yake.

Baada ya kuwatumikia wengine kwa miaka kadhaa, ikiwamo kampuni ya Deutz ya mjini Cologne, Bugatti aliamua kujitegemea. Mwishoni mwa mwaka 1909 alikodi majengo ya kilichokuwa kiwanda cha kutia nguo rangi katika mji mdogo wa Molsheim, Alsace. Jimbo hilo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza likarejea Ufaransa. Hivyo Mtaliano huyu alijikuta amehama kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kiwanda chake kusogea hata hatua moja.

Vita hiyo ilimwachia jeraha. Januari 1916 mdogo wake Rembrandt alijiua jijini Paris akiwa na umri wa miaka 31. Ettore hakuacha jina hilo lipotee, kama itakavyoonekana mbele.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyoukweza mji wa Molsheim. Mwaka 1921, katika mashindano ya Brescia, magari yake madogo yalishika nafasi nne za kwanza. Mwaka 1924 alitoa gari la Aina ya 35, jepesi na lenye umbo la kuvutia, ambalo lilishinda mashindano kwa mamia. Mbio ngumu za Targa Florio katika milima ya Sicily zilichukuliwa na Bugatti mara tano mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1929. Mwaka 1929 pia, mbio za kwanza kabisa za Monaco zilishindwa na William Grover-Williams akiendesha gari la Molsheim.

Mtu mwingine angeridhika. Bugatti alitazama juu zaidi. Alidhamiria kutengeneza gari linalozidi kila gari duniani, la kuuzwa kwa wafalme, na akaliita Royale, yaani la kifalme. Mfano wa kwanza ulikuwa tayari kufikia mwaka 1927. Injini yake ilikuwa na silinda nane katika mstari mmoja na ujazo wa karibu lita 13, wakati gari nyingi za familia tunazoziona leo barabarani hazifikii lita mbili. Uzito wake ulikaribia tani tatu. Juu ya rejeta alisimama tembo mdogo wa fedha aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, aliyetokana na sanamu ya marehemu Rembrandt.

Msomaji wa leo anapaswa kukumbuka kwamba magari ya fahari ya zama hizo hayakununuliwa yakiwa kamili. Kiwanda kilitoa chesisi, injini na magurudumu. Mnunuzi ndiye aliyechagua fundi wa bodi wa kumvalisha gari lake, kama mtu anavyompelekea fundi cherehani kitambaa chake. Anayejua jinsi mabasi yanavyoundiwa bodi juu ya chesisi ya lori ataelewa utaratibu huo mara moja. Kwa Royale walihusika mafundi wa Kellner na Binder wa Paris, Weinberger wa Munich na Park Ward wa London. Ndiyo maana hakuna Royale mbili zinazofanana.

Bugatti alikusudia kutengeneza magari 25. Lakini mwaka 1929 uchumi wa dunia uliporomoka, na wenye fedha wakaingiwa na hofu ya kuonekana wakizitapanya. Yalikamilika machache mno, na yaliyopo hadi leo ni sita tu. Kati ya hayo, matatu ndiyo yaliyopata wanunuzi. Mfanyabiashara wa nguo wa Paris, Armand Esders, alilichukua la kwanza mwaka 1932. Bodi yake ilibuniwa na Jean, mtoto wa Ettore, na haikuwa na taa za mbele, kwa kuwa mwenyewe hakukusudia kuliendesha usiku. La pili lilikwenda kwa daktari wa uzazi wa Ujerumani, Josef Fuchs, na la tatu kwa Kapteni Cuthbert Foster wa Uingereza.

Mfalme hakununua hata mmoja. Inasimuliwa kwamba Zog, mfalme wa Albania, alilitaka gari hilo, lakini Bugatti alikataa kumuuzia kwa kuwa hakupendezwa na adabu zake mezani. Biashara haigombi, lakini Bugatti aligomba nayo, na ghala lake likabaki limejaa injini zisizo na magari.

Wokovu ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Kuanzia mwaka 1933 injini zilizotengenezwa kwa ajili ya wafalme zilifungwa katika mabehewa ya reli yanayojiendesha yenyewe, na shirika la reli la Ufaransa likayanunua. Moja lilipita kilomita 190 kwa saa katika majaribio, mwendo wa ajabu kwa zama hizo. Mashine iliyowashinda matajiri kuinunua ikawa inawabeba abiria wa kawaida, wenye tiketi zao mkononi, hadi miaka ya 1950.

Hata hivyo, misiba ilifuatana. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Molsheim waligoma pamoja na wenzao wa Ufaransa yote. Bugatti, aliyejiona kama baba wa kiwanda, aliuchukulia mgomo huo kuwa usaliti, akahamia Paris na kumwachia Jean uendeshaji. Kijana huyo alikuwa amerithi mikono ya ukoo. Ndiye aliyebuni Aina ya 57 Atlantic, ambayo wengi wanaihesabu miongoni mwa magari mazuri kuliko yote yaliyowahi kuundwa.

Agosti 11, 1939, Jean alikuwa akilijaribu karibu na Molsheim gari lililoshinda mbio za Le Mans miezi miwili nyuma. Mwendesha baiskeli alijitokeza barabarani. Jean alimkwepa, akagonga mti, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kabla ya mwezi kwisha tangu msiba huo, Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza.

Wajerumani walipoikalia Alsace, Bugatti alilazimika kuwauzia kiwanda. Magari matatu ya Royale yaliyobaki mikononi mwa familia yalifichwa nyuma ya ukuta uliojengwa kwa makusudi, ili yasichukuliwe. Vita ilipokwisha, serikali ya Ufaransa nayo ilikizuia kiwanda kwa madai kwamba kilikuwa mali ya adui. Mzee huyo, aliyekuwa amempoteza mwanawe mwaka 1939, baba yake mwaka 1940 na mkewe mwaka 1944, alitumia nguvu zake za mwisho kwenda mahakamani. Mwaka 1947 haki yake ilitambuliwa, lakini alikuwa mgonjwa mno. Alifariki Agosti 21, 1947, akazikwa Dorlisheim, jirani na Molsheim. Kiwanda hakikupata tena nguvu yake, na mwaka 1963 kiliingia mikononi mwa kampuni ya Hispano-Suiza. Jina la Bugatti lilinunuliwa na Volkswagen mwaka 1998.

Na magari yenyewe je? Lile la Dk. Fuchs lilimfuata uhamishoni hadi Shanghai na kisha New York, ambako baridi ilipasua injini yake na likaishia kwa wauza vyuma chakavu. Charles Chayne, mhandisi wa General Motors, alilinunua kwa dola 400, akalikarabati, na leo limo katika makumbusho ya Henry Ford nchini Marekani. Mwaka 1950 familia iliyokuwa na shida ya fedha iliwauza mawili kwa Mmarekani Briggs Cunningham kwa dola elfu chache. Inasimuliwa kwamba aliongeza juu yake majokofu mawili, bidhaa iliyokuwa adimu Ufaransa baada ya vita. Moja kati ya hayo mawili ndilo lililotingisha London mwaka 1987.

Kila Royale inapotajwa kuuzwa, wanunuzi huulizana bei. Mamilioni hayo hayakumfikia Ettore wala Jean, wala fundi wa Molsheim aliyesugua chuma hadi kikang'aa. Kizuri kilijiuza, ila kilijiuza kwa kuchelewa, na fedha yake ikapokewa na wengine. Kilichobaki kwa mwenyewe ni jina, na tembo mdogo wa fedha anayeendelea kulibeba jina la nduguye.