Ernst Sachs na Thamani ya Kazi Safi

Mtu anaponunua baiskeli hutazama rangi, kengele na bei. Ni wachache wanaoinama kukagua habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa hiyo tunaona inafaa kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya Ernst Sachs, fundi wa Kijerumani aliyejipatia sifa kwa chombo hicho kidogo.

Sachs alizaliwa Konstanz mwaka 1867. Alijifunza ufundi wa kutengeneza zana, na katika ujana wake alishindana katika mbio za baiskeli. Hivyo taabu ya mpandaji aliijua kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1894 alihamia Schweinfurt, mji ambao Friedrich Fischer alikuwa amebuni humo, mwaka 1883, mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa duara sawasawa. Mwaka 1895 aliungana na mfanyabiashara Karl Fichtel wakaanzisha kampuni ya Fichtel & Sachs. Mmoja alileta ujuzi, mwingine mtaji.

Zama hizo, katika baiskeli nyingi, pedeli hazikuacha kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka. Hata mteremkoni miguu haikupata raha. Mwaka 1903 Sachs alitoa habu aliyoiita Torpedo. Ukikanyaga mbele, baiskeli huenda. Ukituliza miguu, gurudumu huendelea lenyewe. Ukikanyaga kinyume, breki hushika. Mitambo yote hiyo imo ndani ya ganda moja la chuma, mbali na mvua, matope na mchanga.

Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha bei ya chini kabisa. Chuma chake hukomazwa kwa moto na kusagwa kwa vipimo visivyovumilia kosa. Lakini mnunuzi alilipa mara moja, akatumia miaka mingi, na alipohitaji kipuri alikipata, kwa kuwa umbo la habu hiyo halikubadilishwa ovyo.

Sachs aliuza kiwanda chake cha gololi mwaka 1929, akafariki mwaka 1932. Mwaka 1997 kazi ya vifaa vya baiskeli iliuzwa kwa kampuni ya SRAM ya Marekani. Hili nalo ni funzo: viwanda hubadili wenyewe, na jina lililopigwa chapa juu ya boksi halitoshi kuwa dhamana.

Visiwani kwetu chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana. Mchuuzi wa samaki, mwalimu na bwana shamba hutegemea baiskeli zao kwa riziki na kwa kazi za umma. Tunawasihi maofisa wanaohusika na manunuzi wasipime kwa bei ya siku ya kwanza pekee. Waulize chuma ni cha namna gani, vipuri vitapatikana wapi, na gharama itakuwa kiasi gani baada ya miaka mitano. Hatusemi kila cha Ujerumani ni bora, wala kila cha bei nafuu ni kibovu. Tunasema kwamba baiskeli iliyolala bandani kwa kukosa kipuri ni ghali kuliko zote.